Winchi ya umeme kwenye Suzuki Jimny: pauni ngapi, ifungwe wapi, waya gani

Swali: "Nina Suzuki Jimny JB43 ya 1.3, gia za mkono. Natumia kwenda shamba la mpunga bonde la Kilombero, na masika nanasa kwenye udongo mweusi kila baada ya siku chache, mara nyingi nikiwa peke yangu. Muuza vipuri ananishauri nichukue winchi ya pauni 12,000 yenye waya wa chuma, anasema kubwa ndiyo salama. Fundi wangu anataka kuichomelea kwenye bampa na kuchukua umeme kwenye fyuzi boksi. Betri itahimili? Na ifungwe vipi hasa?"

Jibu: Ndugu, hiyo ya pauni 12,000 iache dukani, na fundi asiwashe mashine ya kuchomelea kwanza. Kwenye gari dogo winchi yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye bamba linaloishika na waya unaoilisha, na fedha utakayookoa kwa kununua ndogo ndiyo itakayolipia hivyo viwili.

Tuanze na ukubwa. Winchi, yaani mota yenye kamba ya kulivuta gari litoke topeni, hutajwa kwa pauni za nguvu yake ya kuvuta, na pauni moja ni kilo 0.4536. Kanuni inayotumika ni kuchukua uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari likiwa limepakia, ukazidisha kwa 1.5. Kwa JB43 uzito huo ni kilo 1,420, kwa hiyo unahitaji kilo 2,130, sawa na pauni 4,700 hivi. Winchi ya pauni 5,000 inavuta kilo 2,268. Ya 12,000 inavuta kilo 5,443, karibu mara nne ya gari lako likiwa limejaa mpaka mwisho.

Muuzaji atakuuliza ziada ina ubaya gani. Ubaya wa kwanza ni uzito. Winchi ya pauni 12,000 yenye waya wa chuma ina kilo 40 au zaidi, na bampa la chuma la kuibeba halipungui kilo 40 nyingine. Mzigo huo haukai juu ya eksele ya mbele, unakaa mbele yake kama sentimita 60. Jimny ina sentimita 225 kutoka eksele hadi eksele, kwa hiyo kila kilo 100 ulizoning'iniza puani zinaikandamiza eksele ya mbele kwa kilo 127 na kuinyanyua ya nyuma kwa kilo 27. Springi za mbele zinalala, pua inashuka, na gari linaanza kuzama mbele kwenye tope lile lile unalolikimbia. Winchi ndogo ya pauni 5,000 yenye kamba ya sintetiki ina kilo 15 hadi 20. Tofauti hiyo utaihisi kwenye kona ya kwanza.

Ubaya wa pili ni kwamba winchi haina huruma. Ukifunga kamba kwenye mti imara na gari limeshikwa na tope hadi kwenye chesisi, kitakachoachia ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Winchi ya pauni 5,000 ikielemewa hujikokota, mota ikaguna, wewe ukajua. Ya 12,000 itaendelea kuvuta hadi ing'oe masikio ya mbele ya chesisi, ambayo kwenye Jimny ni chuma chembamba kilichotengenezwa kukunjika ajalini.

Lakini je, 5,000 itatosha Kilombero? Makadirio yanayotumiwa na wanaofanya kazi ya kuokoa magari ni haya: gari lililozama hadi usawa wa magurudumu linahitaji nguvu inayolingana na uzito wake, likizama hadi kwenye matao ya magurudumu, mara mbili ya uzito wake. Jimny yako na mizigo kidogo tuseme ni kilo 1,300, kwa hiyo unahitaji 1,300 mpaka 2,600. Sasa kumbuka kwamba namba iliyoandikwa ubavuni mwa winchi ni ya safu ya kwanza tu, kamba ikiwa imebaki safu moja kwenye drami, ile ngoma inayoviringisha kamba. Kila safu inayoongezeka inapunguza nguvu, kwa sababu drami inakuwa nene wakati mota ni ile ile. Safu ya tatu unabaki na kama asilimia 70, yaani kilo 1,590 hivi. Kwa tope la magurudumu zinatosha. Kwa tope la matao hazitoshi, na hapo ndipo linapoingia kapi: unapeleka kamba hadi kwenye mti, inazunguka kapi, inarudi kufungwa kwenye gari lako. Nguvu inakuwa mara mbili kasoro msuguano kidogo, mwendo unakuwa nusu, mota inapumua. Tena kamba inayotoka ni ndefu zaidi, kwa hiyo drami inabaki na safu chache na winchi inavuta kwa nguvu yake kubwa. Kapi moja zuri la tani 5 au zaidi lina faida kuliko pauni 7,000 za ziada unazouziwa.

Jambo moja kabla hujatoa hela. Jimny nyingi za JB43 hunasa si kwa kukosa winchi bali kwa kuwa magurudumu ya mbele hayazunguki kabisa. Habu zake, yaani vishikio vinavyounganisha magurudumu ya mbele na eksele, hufungwa kwa upepo wa vakyumu unaopita kwenye mirija ya mpira, na mirija hiyo ikichakaa inavuja. Kitufe kinabonyezwa, habu hazishiki. Kagua hivi: washa injini, ingiza 4WD, subiri taa itulie, zima injini gari likiwa kwenye gia ya kwanza na handibreki juu, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Likikataa, habu zimeshika. Likizunguka bure, una tatizo la bei ya mirija michache. Litengeneze kwanza.

Winchi ya kuchagua

Tafuta ya pauni 5,000 hadi 6,000 iliyotengenezwa kwa ajili ya gari. Kuna za pauni 4,500 za vile vigari vya magurudumu manne vya kukaa kama pikipiki. Zinafanana kwa sura, lakini mota zake ni ndogo na zinapata moto haraka. Mota ziko aina mbili. Ya sumaku ya kudumu ina vichwa viwili vya waya, inakula umeme kidogo, ila ikivuta mzigo mzito kwa muda inachemka. Ile yenye koili pande zote ina vichwa vitatu, kwa kawaida vimeandikwa A, F1 na F2, na inavumilia zaidi. Ukiipata ya pili kwa ukubwa huu, chukua hiyo. Angalia pia alama ya kuzuia maji, IP67 ikiwezekana, hasa kwenye boksi la rilei, zile swichi za umeme zinazoiwasha mota.

Kamba: kwa gari hili chagua sintetiki. Waya wa chuma wa milimita 7, urefu wa mita 25, ni kama kilo 5. Sintetiki ya urefu huo ni kilo moja na ushee. Waya ukikatika unarudi kama mjeledi, na nyuzi zake zilizokatika hutoboa glavu. Sintetiki ina maadui watatu: jua, mchanga na joto. Jua unalizuia kwa kifuniko cha turubai, mchanga kwa kuiloweka kwenye ndoo ya maji baada ya kila tope. Joto linataka maelezo.

Winchi nyingi za bei ya chini zina breki ndani ya drami. Ukivuta ndani, breki inatulia. Ukiachia gari lishuke mteremko kwa kamba, mota inasukuma na breki inashika kwa wakati mmoja, na moto wote unabaki ndani ya drami, chini ya kamba. Nyuzi za sintetiki huyeyuka zikikaribia nyuzijoto 150, na nguvu huanza kupungua mapema sana kabla ya hapo. Safu ya kwanza inaungua bila wewe kuona, juu kamba inang'aa kama mpya. Kwa hiyo kama breki iko kwenye drami, usishushe gari kwa winchi zaidi ya mita moja au mbili bila kupumzika.

Ukitumia sintetiki, mdomo wa kupitishia kamba uwe ule wa alumini uliolainishwa, si wa roli. Na usinunue mdomo wa mtumba uliowahi kupitisha waya wa chuma: mikwaruzo yake ni msumeno.

Mahali pa kufunga

Bampa la Jimny ni plastiki, limeshikwa na vibano na bolti ndogo. Hata ukilitoa na kuweka la bomba, kuchomelea winchi kwenye bampa kunamaanisha mzigo wote wa kilo elfu mbili unapita kwenye bolti za bampa. Mzigo unatakiwa utoke kwenye winchi, uingie kwenye bamba, uingie kwenye reli mbili za chesisi. Bampa lisihusike na chochote.

Bamba liwe la chuma cha milimita 6, upana wa kutosha kufika reli zote mbili, na ukingo wa chini au wa nyuma uliokunjwa ili lisipinde katikati. Pembeni lina miguu miwili inayokumbatia reli kutoka nje na chini. Tumia matundu yaliyopo kwanza: ya mabano ya bampa na ya ndoano ya kuvutia, bolti za M12 (unene wa milimita 12) zenye maandishi 8.8, alama ya uimara, kichwani, zisizopungua tatu kila upande. Bolti isiyo na maandishi kichwani iache ifunge mlango wa banda.

Ukilazimika kutoboa reli mpya, kumbuka reli ya Jimny ni boksi, ina uwazi ndani. Ukipitisha bolti upande mmoja hadi mwingine na kukaza, kuta zinabonyea, bolti inalegea baada ya wiki, unakaza tena, zinabonyea zaidi. Dawa yake ni kipande cha bomba zito kinachoingia ndani ya tundu, urefu sawa kabisa na upana wa reli, bolti ikipita katikati yake. Hapo unakaza bomba, hukazi boksi. Usitoboe karibu na mahali boksi la usukani lilipofungwa, wala kwenye ukingo wa juu au wa chini wa reli. Katikati ya ubavu ndipo chuma kinapovumilia tundu. Kuchomelea moja kwa moja kwenye chesisi nashauri usikubali. Na hata bamba likichomelewa miguu, lichomelewe likiwa chini, si likiwa garini. Kama hakuna njia, vichwa vyote viwili vya betri vitolewe kwanza, maana kompyuta ya injini haipendi mchezo huo.

Kabla ya kutoboa matundu ya winchi, pima winchi uliyonunua. Vipimo vya 254 kwa 114.3 ambavyo mafundi wanavijua ni vya winchi kubwa, za pauni 8,000 hadi 12,000. Ndogo zina vipimo vyake, na havilingani kati ya kampuni na kampuni. Pima pia urefu wa bolti, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya. Chukua kijiti, kiingize kwenye tundu la nati ndani ya winchi, weka alama, pima kina. Tuseme kina ni milimita 12. Bamba ni 6, washa ya springi ni 2, kwa hiyo bolti ya milimita 20 itaingia 12 kamili na ya 18 itaingia 10. Ya 25 itagota mwisho kabla bamba halijabanwa: spana inakataa, fundi anasema imekaza, kumbe winchi inacheza. Fupi mno nayo inang'oa nyuzi. Nyuzi zinazoshika zisipungue unene wa bolti yenyewe. Kwa M8 za 8.8 kaza kwa Nm 25 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), M10 kwa Nm 45 hadi 50, M12 kwa Nm 80. Baada ya kilomita 50 rudi uzikague zote.

Acha nafasi ya sentimita 5 kati ya winchi na kondensa ya AC, na uiweke winchi chini kadiri inavyowezekana ili rejeta ipate upepo. Jimny inayopanda mlima na drami imeziba grili hupandisha joto. Hakikisha mkono wako unafika kwenye wenzo wa klachi ya winchi, ule unaoiachia drami izunguke bure, bila kuchomeka. Winchi nyingi zinakuruhusu kufungua boksi la gia na kulizungusha kwa hatua ili wenzo utazame juu. Namba ya gari isifichwe, la sivyo utasimamishwa kila kituo cha ukaguzi.

Umeme, ambako gari huungua

Winchi ya pauni 5,000 ikivuta karibu na mwisho wake inakula ampea kama 250. Ikizunguka bila mzigo, 50 hivi. Taa mbili kubwa za mbele kwa pamoja zinakula kama ampea 10 tu. Ukishika tofauti hiyo utajua kwa nini fyuzi boksi haihusiki.

Hesabu ni fupi. Ukinzani wa waya wa shaba ni 0.0175 zidisha urefu kwa mita, gawanya kwa unene kwa milimita za mraba. Kutoka betri hadi winchi kwenye Jimny ni kama mita 2, na umeme lazima urudi, kwa hiyo mita 4. Kwa waya wa 35 mm² unapata 0.002, ukizidisha kwa ampea 250 unapoteza volti 0.5. Hiyo inakubalika. Kwa waya wa 16 mm² unapoteza volti 1.1. Kwa waya wa 2.5 mm², kama ule fundi anaoutaka kutoka kwenye fyuzi boksi, hesabu inatoa volti 7, yaani wati 1,750 za moto ndani ya waya: jiko la umeme lililolazwa juu ya mirija ya petroli. Fyuzi itakatika kabla, na fundi wa kawaida ataiongezea nguvu kwa kipande cha waya. Ndiyo maana nakataa.

Kwa hiyo: 35 mm² kwa chanya na kwa hasi, zote mbili moja kwa moja hadi kwenye betri. Hasi isiishie kwenye bodi wala chesisi. Bodi ya Jimny imekaa juu ya mipira, na waya mdogo wa hasi wa kiwandani kati ya betri, bodi na injini haukutengenezwa kwa ampea 250. Ukiutegemea, umeme utatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia hizo ni kebo ya aksileta na bearing.

Waya unaopatikana kirahisi ni ule wa mashine ya kuchomelea, na ni mzuri kwa sababu unapindika. Ila uukwangue kabla ya kulipa. Chomoa nyuzi tatu, zipitishe kisu. Zikiwa nyekundu mpaka ndani, ni shaba. Zikionyesha weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na 35 yake inafanya kazi kama 22 ya shaba halisi. Nyuzi za alumini pia huvunjika zikikunjwa mara kadhaa, na kwenye kichwa cha waya hulegea zikipata joto na kupoa. Uzito nao husema: rola la alumini unaliinua kwa kidole.

Vichwa vya waya, lagi, vibanwe kwa mashine ya haidroliki yenye umbo sahihi. Lagi iliyogongwa kwa nyundo juu ya nondo inaonekana imeshika, lakini ndani nyuzi nusu zinaelea. Ukivuta dakika tatu inakuwa nyekundu. Kuijaza risasi tu bila kubana ni vibaya vilevile, risasi inalainika kwa moto. Funika kwa ile mirija ya plastiki inayosinyaa ikichomwa. Tundu la lagi lilingane na boliti ya winchi, kwa kawaida milimita 8. Tundu kubwa lenye washa linapunguza eneo la kugusana.

Chanya ipite kwenye swichi kuu ya kukata umeme, ya ampea 250 za kudumu au zaidi, iliyowekwa ndani ya sentimita 30 kutoka betri. Swichi hii ina kazi mbili. Muda wote usiovuta imezimwa, kwa hiyo ukigonga kitu na waya ukabanwa na chuma cha mbele hakuna shoti. Ya pili ni kubwa zaidi: rilei za winchi zinaweza kuganda. Unaachia kitufe cha rimoti, winchi inaendelea kuvuta. Ndoano inakuja kwenye mdomo, mdomo unapinda, kamba inakatika, na hakuna kitufe kitakachosaidia. Swichi hiyo ndiyo breki yako ya mwisho, kwa hiyo iwe mahali mkono unapofika kwa sekunde mbili.

Rilei huganda kwa nini? Mara nyingi kwa betri dhaifu. Volti zikishuka sana, koili ya rilei inakosa nguvu ya kushikilia, mdomo wake unafunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde, kila mara cheche, mwisho shaba inayeyuka na kushikana. Ukisikia "trrrr" badala ya "tak" moja, achia kitufe. Usikazanie.

Kwenye mota yenye A, F1 na F2, kila kichwa kina nati mbili. Ya chini ishikwe na spana moja wakati ya juu inakazwa kwa nyingine. Ukikaza ya juu peke yake, boliti nzima inazunguka ndani ya mota, inasokota waya wa koili au inavunja plastiki ya kuzuia shoti, na winchi mpya imekufa siku ya kufungwa. Kuna pia waya mwembamba wa hasi chini ya mota. Ukisahaulika, winchi inabofya tu haizunguki.

Nyaya zikae ndani ya bomba la mpira, mbali na eksozi na feni, na zifungwe kila sentimita 30. Panapopita kwenye chuma chenye makali weka mpira wa duara. Boksi la rilei lisitazame maji moja kwa moja.

Betri je? Itahimili, kama ni nzima. Tuseme unavuta dakika 4 kwa wastani wa ampea 200: ni ampea-saa 13. Ukipandisha silensa hadi mizunguko 1,500, altaneta itarudisha labda 2 au 3. Betri ya NS60, ambayo ni 45 Ah, imepoteza robo. Itawasha gari, lakini zoezi la pili litabidi lisubiri nusu saa injini ikiunguruma. Ukitaka utulivu, NS70 ya 65 Ah ina urefu wa sentimita 26 hivi, kwa hiyo pima kikalio kwanza na ubadilishe kibano chake. Betri inayoruka kwenye mashimo inakufa haraka. Angalia na vichwa: nyingi ndogo za Kijapani zina vichwa vyembamba, zile zenye S mwishoni, kama NS60S, zina vinene. Lagi ya winchi usiibane juu kwa juu na kibano cha gari. Nunua kibano chenye bolti yake ya pembeni.

Kujaribu na kuviringisha

Jaribu kabla ya kuweka kamba. Bonyeza kitufe cha kuvuta ndani, tazama drami: kamba itatoka na kuingia kwa chini ya drami, upande wa bamba, kwa hiyo izunguke kuelekea huko. Ikizunguka kinyume, badilisha F1 na F2. Kwa mota ya vichwa viwili, badilisha hivyo viwili. Usitatue kwa kuviringisha kamba kwa juu. Breki inashika upande mmoja tu, na winchi iliyoviringishwa kinyume inavuta vizuri hadi unapoachia kitufe, ndipo gari linarudi bondeni.

Kamba mpya usiiviringishe kwa mkono. Tafuta mteremko mdogo, funga kwenye mti, gari likiwa kwenye nyutro na mtu akigusa breki kidogo, jivute polepole. Kilo 200 hivi za mvuto zinatosha. Kamba iliyolegea, mzigo ukija, safu ya juu inazama katikati ya safu za chini na kunasa hapo. Wakati unavuta, chukua mita ya umeme: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye kichwa cha chanya kinapoingia boksi la rilei. Isizidi volti 0.25, maana hapo umepima njia ya kwenda tu. Ikizidi, gusa lagi na swichi moja moja. Yenye moto ndiyo mkosaji.

Ukiwa tope halisi

Koleo kwanza. Dakika kumi za kuondoa udongo mbele ya magurudumu na chini ya difu zinapunguza mzigo kuliko kapi. Udongo mweusi ukikauka kidogo unanyonya tairi. Upasue pembeni ili hewa iingie.

Fungia mti kwa mkanda mpana wa kuanzia milimita 75, chini karibu na mizizi, ukaunganisha kwa shakeli (pingu ya chuma yenye pini) ya milimita 16 inayobeba tani 3.25 au, ukitumia kapi, ya 19 inayobeba 4.75. Kamba isizungushwe mti na kujifunga yenyewe. Mnazi hauna mzizi mkuu, usiuamini peke yake, funga miwili. Pasipo mti, chimba shimo la mita moja, zika tairi la akiba likisimama wima, mkanda ukizunguka katikati yake na kutokea kwa mfereji ulioelekea gari, kisha shindilia. Ni kazi ya jasho ya saa nzima, lakini kwenye mbuga wazi ndiyo iliyopo.

Bakiza mizunguko 10 ya sintetiki kwenye drami, au 5 ya waya wa chuma, kwa sababu kile kibolti kidogo kinachoshika mwisho wa kamba hakibebi chochote, ni msuguano unaobeba. Kamba isiende pembeni zaidi ya digrii 15, la sivyo inarundikana upande mmoja na kusukuma nguzo za winchi. Tupa koti zito au gunia lenye mchanga katikati ya kamba, waondoe watoto wa jirani wanaokuja kutazama, wakae mbali kuliko urefu wa kamba mara moja na nusu. Injini iwake, 4L (4WD ya gia nzito), gia ya kwanza, magurudumu yazunguke pole kusaidia. Yasiipite kamba, maana kamba ikilegea na kukaza ghafla ndipo inapokatika. Vuta sekunde 30 hadi 60, pumzika, weka kiganja kwenye mota. Kama huwezi kukiacha hapo, ngoja dakika tano.

Ukiwa peke yako, rimoti iingie kupitia dirishani, waya wake usining'inie karibu na gurudumu la mbele. Hilo gurudumu limeshakula rimoti nyingi. Ukimaliza, zima swichi kuu kabla ya kuinama kushika ndoano.

Mwezi usionasa, bado itoe kamba, ubakize ile mizunguko 10, iviringishe tena kwa mzigo kidogo. Kiangazi cha Kilombero winchi isiyoguswa inaganda klachi, na utaligundua hilo Machi, maji yakiwa magotini.